Mashua za magogo zilipoondolewa Blackpool, nani alibaki chini?

Juma hili hatutaongea juu ya minervali wala bei ya unga. Tutawapeleka mbali kidogo, hadi ukingo wa bahari huko Uingereza, kisha tutarudi pamoja hapa Bukavu, katika kiwanja cha chama chetu. Mtaona sababu yake mwishoni.

Jambo lilianza na picha. Mama mmoja wa chama ana mdogo wake anayeishi kaskazini mwa Uingereza pamoja na mume na watoto. Jirani yake wa huko, mwanamke mzee, alimwonyesha picha ya familia yake ya zamani, naye akaipiga kwa simu na kututumia. Inaonyesha mashua nyembamba yenye umbo la gogo la mti, ikishuka mteremko mkali ndani ya mfereji wa maji. Mbele ameketi mtoto mdogo, nyuma yake mama, nyuma kabisa babu aliyeshika kofia kwa mikono miwili. Wote wamefungua midomo. Maji yameruka kila upande.

Yule mzee alisema mchezo ule hauko tena. Uliondolewa mwaka 2006. Na kila akipita pale, anageuza shingo kuutafuta.

Tuliipeleka picha ile darasani. Tulidhani watoto watauliza juu ya bahari au juu ya Wazungu. Msichana mmoja anayekaa juu kabisa kwenye vilima vya Kadutu alinyoosha mkono na kuuliza: «Mwalimu, maji yale nani anayapandisha pale juu?» Darasa lote likacheka, nasi tukacheka. Mtoto anayebeba bidoni kila asubuhi haulizi swali la bure.

Uwanja wa michezo kando ya bahari

Mji wenyewe unaitwa Blackpool, uko kaskazini-magharibi ya Uingereza, mbele ya bahari ya Ireland. Tangu karne ya 19 treni zilipofika, wafanyakazi wa viwanda vya nguo na familia zao walikuwa wakienda pale kupumzika siku chache kwa mwaka. Mwaka 1896 bwana mmoja aitwaye William George Bean alianzisha pale uwanja wa michezo, ambao hadi leo unaitwa Pleasure Beach. Uwanja ule umebaki mikononi mwa ukoo wake, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2004 mkurugenzi Geoffrey Thompson alifariki, na binti yake Amanda Thompson akashika kazi.

Michezo ya maji ni ya zamani katika viwanja vya namna hii. Huko Marekani, mwaka 1895, Kapteni Paul Boyton alifungua uwanja wake kando ya bahari, Coney Island, mjini New York. Watu walipanda mashua pana, ikaachiliwa kwenye mteremko mrefu, ikapiga ziwa dogo chini yake. Blackpool nako, mwaka 1905, wakafungua River Caves, mashua za polepole zinazopita ndani ya mapango yaliyochorwa na kupambwa.

Mashua za magogo zilikuja baadaye. Wazo lake lilitoka kwa wakata miti wa Marekani. Katika karne ya 19, milimani California, walijenga mifereji ya mbao, wakatia maji ndani yake, na maji yakabeba miti kutoka mlimani hadi bondeni. Sisi Wakongomani hatuwezi kushangaa: hata leo magogo ya msitu wetu yanafungwa pamoja na kuelea juu ya mto Kongo hadi Kinshasa, na watu wanapika na kulala juu yake. Mwaka 1963, katika uwanja mmoja wa Texas, kampuni ya Arrow Development iligeuza kazi ile kuwa mchezo. Mfereji ukabaki, maji yakabaki, lakini badala ya gogo la kweli ikawekwa mashua yenye sura ya gogo, na ndani yake watu. Mchezo ule ulipendwa mara moja, ukaenea dunia nzima. Blackpool walifungua wa kwao mwaka 1967. Ukafanya kazi karibu miaka 40.

Maji hayapandi yenyewe

Turudi kwenye swali la mwanafunzi wetu. Tulimjibu ubaoni, kwa mchoro.

Chini kabisa kuna bwawa. Kando ya bwawa kuna mashine kubwa za kuvuta maji, nazo zinayasukuma hadi juu ya mfereji. Kutoka pale maji yanashuka yenyewe, yakibeba mashua, kama vile maji ya mvua yanavyobeba kandambili za mtoto katika mtaro. Mashua haina injini. Ikifika mahali pa kupanda, mkanda au mnyororo unaishika kwa chini na kuipandisha, na meno ya chuma yanaizuia isirudi nyuma. Ndiyo ile sauti ya «ta, ta, ta» ambayo watu wanaisikia wakiwa wanapanda, na ambayo inafanya tumbo likaze. Juu kabisa mashua inaachiliwa. Inashuka kwa uzito wake, inapiga maji ya chini, na maji yaleyale yanayolowesha watu ndiyo yanayoipunguzia mbio. Breki yake ni maji.

Na jioni? Jioni fundi anazima mashine. Maji yote ya mferejini yanateremka na kurudi bwawani. Asubuhi inabidi kuyapandisha upya.

Hapo darasa likanyamaza. Msichana yule akasema: «Basi ni kama sisi.» Ndiyo, ni kama sisi. Furaha ile ya dakika chache, watu wanaiona pale maji yanaposhuka. Gharama yake iko pale yanapopandishwa, kila siku, pahali ambapo hakuna anayepiga picha.

Namna mchezo wa maji unavyozeeka

Kitu cha kavu kinazeeka polepole. Kitu cha maji kinazeeka haraka, na cha kando ya bahari kinazeeka haraka zaidi, kwa sababu upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi inakula chuma. Wamama mnaojua sufuria iliyolala na maji ya chumvi mnaelewa.

Katika mchezo wa aina ile, kila kitu kinaguswa na maji. Mfereji unapata nyufa, na maji yanayovuja usiku ni maji ya kulipiwa tena asubuhi. Mashua zinagonga kingo siku nzima. Maji yakipenya ndani ya ganda lake, inakuwa nzito na haiendi kama wenzake. Magurudumu madogo ya pembeni yanalika. Mnyororo unalegea. Mashine za kuvuta maji zinataka umeme mwingi. Maji yenyewe yanapaswa kusafishwa kwa dawa, maana yanaingia machoni na midomoni mwa watoto. Tena Uingereza kuna baridi: wakati wa majira ya baridi maji yanaweza kuganda, na maji yakiganda yanapasua kinachoyashika.

Si kwamba haiwezekani kutengeneza. Inawezekana. Lakini kila mwaka mwenye uwanja anakaa na daftari lake na kuuliza swali moja: feza hizi nizitie katika kitu cha zamani kinachopendwa, au katika kitu kipya kitakachovuta watu wapya? Jibu si moja kila mara. Palepale Blackpool kuna mchezo mwingine wa maji, Valhalla, uliofunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo la giza. Ulifungwa baada ya mwaka 2019, ukafanyiwa matengenezo makubwa, na mwaka 2023 ukafunguliwa tena. Huo walichagua kuutibu.

Mashua za magogo walichagua kuziondoa. Nafasi yake ilihitajika kwa kitu kingine.

Kilichokuja mahali pake

Hapa hadithi inatufundisha kitu, kwa hiyo tuifuate vizuri.

Kusini kidogo ya Blackpool, ng'ambo ya mdomo wa mto Ribble, kuna mji mwingine wa bahari, Southport. Nao ulikuwa na uwanja wa michezo, Pleasureland, uliokuwa wa ukoo uleule. Mwezi wa Septemba 2006 wenyewe waliufunga uwanja ule. Baadaye mtu mwingine aliufungua tena, lakini mwaka ule wa 2006 watu wa Southport waliamka na kuona milango imefungwa. Moja ya mashine zake kubwa, treni iliyoitwa Traumatizer, ilifunguliwa vipandevipande na kupelekwa Blackpool. Ikasimamishwa palepale mashua za magogo zilipokuwa, na mwaka 2007 ikaanza kazi kwa jina jipya, Infusion. Maji hayakuondoka pale: chini yake kuna bwawa na chemchemi, na treni inapita juu yake.

Treni ile si ya kukaa ndani. Viti vinaning'inia chini ya reli, miguu haina pa kukanyaga, nayo inawageuza watu kichwa chini miguu juu. Vijana wanaipenda. Mlangoni pamewekwa kipimo cha urefu, nacho ni mita 1.32. Asiyefika hapandi. Sheria hiyo ni nzuri, ni ya kulinda maisha, hatuilaumu. Lakini tulichukua futi ya mshonaji tukawapima watoto wa jirani kwenye parseli yetu. Wa mwaka wa kwanza na wa pili wa shule ya msingi, hata mmoja hakufika.

Sasa irudieni ile picha. Mtoto mbele, mama katikati, babu nyuma, katika mashua moja. Leo, palepale, mtoto yule angebaki chini. Na akibaki mtoto, kuna mtu wa kubaki naye. Wamama, hatuna haja ya kuwaambia ni nani kwa kawaida anayebaki chini akishika mkono wa mtoto, mikoba na makoti ya wenzake.

Tuseme ukweli wote. Wenye uwanja hawakuwasahau watoto. Mwaka 2011 walifungua sehemu yao, Nickelodeon Land, na ndani yake waliweka mashua ndogo za magogo kwa ajili ya watoto na wazazi. Kwa hiyo haiwezekani kusema familia zilifukuzwa. Tunachosema ni kidogo zaidi, lakini tunaona ni cha kweli: kitu kikubwa kilichokuwa cha umri wote kiliondolewa, na watu wakagawanywa. Vijana kwao, wadogo kwao. Yule mzee wa Uingereza alisema hakulilia mashua hasa, mashua zilikuwa za zamani na zilikuwa zikilowesha watu kuliko inavyofaa. Kilichomuuma ni kwamba ile ndiyo ilikuwa saa pekee ya mwaka baba yake alipopiga kelele kama mtoto, na watoto wake wakaona.

Namna ya kuondoa kitu cha zamani

Kuna watu watakaosema: mambo ya Wazungu, sisi tuna shida kubwa zaidi. Ni kweli tuna shida kubwa. Lakini kitu cha watoto kinachozeeka tunacho nasi, na sote tunakijua.

Nyuma ya nyumba ya mikutano ya chama kuna bembea mbili. Wamama wa kwanza wa chama walizinunua kwa kuchanga kidogokidogo, na watoto wengi wa kartie yetu walijifunza pale kusukumana kwa zamu bila kupigana. Leo mnyororo mmoja umeliwa na kutu. Wakati wa kiangazi kilichopita mtoto mmoja alianguka, mkono ukavunjika. Alipona, tunamshukuru Mungu. Tangu siku ile kuna maoni mawili katika chama. Wengine wanasema ziondolewe, mahali pale pawekwe turubai na viti vya kukodisha kwa arusi na matanga, chama kipate kitu. Wengine wanasema haziwezi kuguswa, ni ukumbusho wa wamama waliotutangulia.

Sisi, baada ya kuifikiria picha ile ya Blackpool, tunaona pande zote mbili zina haki na zote mbili zina kosa.

Wanaosema zisiguswe, tunawaambia kwa heshima: ukumbusho haushikilii mtoto. Mnyororo ndio unaomshikilia. Kitu cha furaha kisipotunzwa kila siku, kinageuka mtego, na mtoto hajui tofauti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba ufa, na mtoto wa mwenzetu ndiye aliyelipa. Tusingoje mkutano: mnyororo ule mbovu ufunguliwe leo hii, bembea ile ifungwe juu.

Wanaosema ziondolewe na paletwe viti, tunawaambia kwa heshima ileile: kabla ya kuuliza kitu kipya kitaingiza franka ngapi, tuulize nani atabaki chini. Viti vya arusi vitakuwa vya wakubwa, tena siku za Jumamosi tu. Siku nyingine zote, watoto watacheza wapi? Barabarani, kwenye pikipiki? Ziwani, bila mkubwa? Kama tuna mahali pengine pa kuwapa, tupataje kwanza. Kama hatuna, basi hatuondoi bembea tu, tunaondoa na watoto.

Tulimwita fundi wa kuunga chuma atazame. Alipiga nguzo kwa nyundo, akasikiliza, akasema nguzo bado nzima. Zilizokwisha ni minyororo na mbao za kukalia. Hiyo si habari ya kusema kila kitu ni rahisi, maana minyororo ina bei yake na mwaka ujao itataka tena mafuta na macho ya mtu. Ndiyo maana tunapendekeza jambo ambalo hata uwanja mkubwa wa bahari hauwezi kulikwepa: mtu mmoja mwenye jina, kila juma, wa kutazama. Maji ya Blackpool yalipandishwa kila asubuhi. Kutu yetu nayo itazamwe kila Jumatatu. Sisi tunajitolea kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha tutamkabidhi mwingine.

Na ikiwa mkutano utaamua kuziondoa, tutatii. Lakini basi ziondolewe kwa heshima. Watoto waambiwe mapema, wapewe siku ya kucheza mara ya mwisho kwenye ile iliyo nzima, na waonyeshwe kwa kidole mahali watakapocheza kesho yake. Tulipowauliza darasani wangefanyaje wao kama wangekuwa wenye uwanja wa Blackpool, wengi walitaka mashua zitengenezwe. Msichana yule wa Kadutu alifikiri kidogo, akajibu: «Mimi ningeondoa kama zimechoka. Ila mbele ya kuziondoa, ningemwambia yule mzee aje apande mara moja tena na watoto wake.»

Mkutano ni Jumamosi hii, saa nane ya mchana, nyuma ya nyumba yetu. Tunaomba kila mama apite kwanza kwenye bembea, aguse mnyororo kwa mkono wake, ndipo aingie kusema neno lake. Mwenye nguvu ya kuchangia mnyororo, mbao au mafuta ya kupaka, aje nacho. Mwenye wazo la mahali pengine pa watoto, aje nalo. Na mwenye mtoto mdogo, asimwache nyumbani. Ni jambo lake.

Tukutane pale kwa amani.